Sila ikipasuka, ifungue mpaka bati: maongezi na mafundi bodi na madereva, Arusha

Wazee wangu shikamooni, mafundi wenzangu habari za mchana, vijana mambo vipi, na nyie madereva mliokuja karibuni sana maana haya mambo yanawahusu kuliko mnavyodhani. Nimeombwa niongelee sila. Sio rangi, sio kunyoosha, sio injini, ni sila tu, ile gundi ya raba inayolala kwenye maungio ya bodi pale bati moja linapopanda juu ya lingine. Hakuna mteja anayekuja gereji akasema fundi naomba unichekie sila. Anakuja anasema gari linanuka, au kapeti la mbele limelowa na mvua yenyewe ilinyesha juzi, au anasema fundi mbona umenipigia rangi mwaka jana na kutu imerudi palepale. Sasa mara nyingi sana, sisemi mara zote, mara nyingi sana shida ni sila.

Na nina neno moja tu leo, naliweka mapema ili hata anayeondoka kabla sijamaliza aondoke nalo: sila ikipasuka usipake nyingine juu yake. Ifungue mpaka uone bati safi, ndo ufunge. Mengine yote nitakayosema ni kueleza kwa nini na namna gani.

Tuanze na bodi yenyewe. Gari hizi tunazotengeneza kila siku, Noah, RAV4, Premio, Hiace za vifodi, bodi yake haikumwagwa kwenye kalibu ikatoka nzima, ni vipande vya bati vingi vimebanwa viwili viwili au vitatu vikachomewa vidoti, na gari moja lina vidoti elfu kadhaa. Kidoti hadi kidoti kuna nafasi, na hiyo nafasi haijachomewa kitu, ni bati limelalia bati. Nyembamba kiasi kwamba jicho halioni ila maji yanaiona. Mkifika nyumbani chukueni vipande viwili vya kioo, vibaneni pamoja, chovyeni ukingo kwenye maji, mtaona maji yanapanda yenyewe katikati bila kusukumwa na mtu. Kwenye bati ni hivohivo, maji hayahitaji tundu, yanahitaji mwanya tu, yakishaingia hayatoki maana jua halifiki na upepo haufiki.

Kiwandani wanajua hilo ndo maana wana mpangilio wao. Bodi tupu inazamishwa nzima kwenye bwawa la praima, ile rangi ya kwanza inayolinda bati, na umeme unapitishwa, praima inajishika hadi kwenye kona ambazo mkono haufiki, halafu inaingia kwenye tanuru. Ikitoka ndo inawekwa sila kwenye maungio, nayo inaivishwa kwenye tanuru, halafu ndo rangi zinakuja juu. Kwa hiyo shikeni huo mpangilio: bati, praima, sila, rangi. Sila haikai juu ya bati tupu na haiachwi uchi pale jua linapopiga. Ukienda kurekebisha unarudia mpangilio huohuo, ukiruka hatua moja umeshaharibu.

Alafu kuna kitu wengi hawakijui. Ile sila ya kiwandani kwa sehemu kubwa ni PVC, plastiki iliyolainishwa, inawekwa ikiwa laini kama uji mzito na haishiki mpaka iivishwe kwa joto la nyuzi zaidi ya 100. Sisi gari linatufikia lina taili, lina nyaya, lina viti, lina mafuta kwenye tenki, huwezi kulioka. Ndo maana kwenye gereji tunatumia gundi ya aina nyingine, poliurethani kwa mfano, zile za kwenye tyubu kama Sikaflex mnazozijua, ambayo inakauka kwa kunyonya unyevu wa kwenye hewa. Kuna zile za MS polima ambazo hazina ukali wa poliurethani, na kuna za epoksi za kuchanganya mbili ambazo ni ngumu zaidi. Zote ni sawa kama umeisoma tyubu na ukaiheshimu. Silikoni ya kubandikia vioo vya madirisha ya nyumba haimo kwenye hiyo orodha, nitarudi hapo, maana hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Sasa kwa nini inapasuka. Umri kwanza, ile kilainishi cha ndani ya plastiki kinatoka kidogokidogo miaka inavyoenda, sila inakauka, inasinyaa, inapata nyufa kama nywele. Ya pili ni mtikisiko, na hapa kwetu mtikisiko mnaujua, kuanzia geti la Loduare la Ngorongoro kwenda geti la Naabi la Serengeti gari linatetemeka njia nzima, kila ungio la bodi linafanya kazi, kanda ya juu inakunjika, kanda ya chini inakunjuka, sila laini inafuata lakini iliyokauka haiwezi kufuata. Ya tatu ni sisi wenyewe mafundi kwa ujumla wetu: gari limegongwa, tumelivuta likanyooka, tumepiga puti, ile ya kujazia mabonde, na rangi, nje linang'aa, lakini lilipovutwa maungio ya ndani yaliachia na hakuna aliyetoa kapeti kuangalia. Au tumechomelea sehemu na moto umeunguza sila upande wa pili wa bati, tumeacha pameungua hivohivo. Ya nne keria, zile miguu za keria zinazobanwa kwenye gata ya paa, ikifungwa kwa nguvu inakandamiza sila mpaka inakatika, na mzigo ukiwa juu inaendelea kusaga kila siku.

Na magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Japani kuna mikoa ya kaskazini kama Hokkaido ambako theluji ni nyingi na kwenye barabara wanamwaga kemikali za kuyeyushia barafu, ndani yake kuna chumvi. Gari la huko linafika bandarini Dar likiwa limeoshwa vizuri, rangi inang'aa, ila ukilala chini ukaangalia maungio ya sakafu unakuta mstari wa kahawia umeshaanza. Nyie mnaonunua gari, kabla hujaangalia redio na kamera ya nyuma, lala chini na tochi. Tafadhali.

Halafu tuna vumbi letu wenyewe. Gari linaloshuka Mto wa Mbu likakata kwenda Ziwa Natron linarudi na vumbi la magadi, lina chumvichumvi, likiingia kwenye ufa linashika unyevu hata siku ambayo mvua hainyeshi. Lakini hilo vumbi lina faida moja na wenye magari ya safari naomba mnisikilize hapa. Gari likikimbia kwenye vumbi, nyuma hewa inavutwa kuingia ndani, kwa hiyo gari likirudi kutoka safari msikimbilie kuliosha. Fungueni buti kwanza, toeni mizigo, nyanyueni kapeti la nyuma, angalieni. Vumbi litakuwa limejichora, utaona mstari au utaona kama mkia umetoka kwenye ungio fulani na kutawanyika, hapo ndo hewa inaingia, na hewa ikiingia maji yanaingia. Hakuna mashine itakayokuonyesha vizuri kuliko hiyo, piga picha kabla hujaosha, mletee fundi.

Na kitu kingine kinachoingia huko nyuma ni moshi wa ekzosi. Hii naisema kwa uzito wake. Maungio ya nyuma yakiwa wazi ile hewa inayovutwa inakuja na moshi wa ekzosi, na ndani yake kuna gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, abiria wanaumwa kichwa, wanasinzia, mnasema ni uchovu wa safari. Kwa hiyo mtu akikwambia sila ni urembo mwambie hapana, inahusu uhai wa watu waliokaa siti ya nyuma.

Tukubaliane pia sio kila maji ni sila. Hili fundi lazima ulijue kabla hujaanza kubomoa gari la mtu. Maji ya miguuni mbele yanaweza kuwa yametoka kwenye gundi ya kioo cha mbele, au kwenye ile nailoni ya ndani ya mlango iliyochanwa na mtu aliyerekebisha spika, au kwenye mirija ya sanrufu iliyoziba, au raba ya mahali nyaya zinapopita kwenye ukuta wa injini. Maji ya kwenye shimo la spea taili yanaweza kuwa gasketi ya taa za nyuma, au yale matundu ya hewa yaliyojificha nyuma ya bampa. Kwa hiyo unapima. Unatoa kapeti na trimu, unakausha, mtu mmoja anaingia ndani na tochi anafunga milango, mwingine nje ana mpira wa maji. Maji ya taratibu, sio mashine ya kuoshea. Unaanzia chini unapanda juu, kila sehemu unaipa dakika kadhaa, kwa sababu ukianzia juu maji yanashuka kila mahali na hutajua ni wapi yameingilia. Ndani anapoona tone la kwanza anapiga alama kwa chaki na anafuata lilikotoka, maana tone linaloonekana chini ya dashibodi linaweza kuwa limesafiri kutoka kwenye paa. Hii inataka uvumilivu, watu wanairuka hii halafu wanaziba vitu ambavyo havikuwa vinavuja.

Haya tumepata, ni sila ya ungio la sakafu na madigadi ya nyuma tuseme. Sasa kazi yenyewe.

Unatoa vitu vyote vya karibu. Betri unaichomoa kama utachomelea au utapiga grenda karibu na nyaya. Kapeti lenye sponji hutoi nusu ukalikunja, unalitoa lote ukaliweke juani maana lile sponji linashika maji wiki na wiki na ukilirudisha bichi umefungia unyevu ndani. Kama tenki la mafuta liko upande wa pili wa bati, cheche haziruhusiwi, unakwangua kwa mkono, hata kama itachukua siku nzima.

Kukwangua sila ya zamani, chukua spachula na ukingo wa plastiki ngumu au mbao kwanza, chuma baadaye, maana chuma kinakula ile praima ya kiwandani ambayo bado ni nzima na ile praima huwezi kuitengeneza tena gereji kwa ubora ule. Bastola ya hewa ya moto inasaidia, kwa moto mdogo, ilainike tu. Msichome kwa mtungi wa gesi! PVC ikiungua inatoa moshi wa asidi, unakula mapafu yako na bati lako kwa pamoja, na poliurethani nayo ikiungua moshi wake ni sumu. Nimeona vijana wanachoma sila huku sigara iko mdomoni, sio sawa kabisa.

Unakwangua mpaka wapi? Hili ndo swali ambalo vijana wananiuliza sana na jibu lake lipo kwenye mkono. Ingiza ncha ya spachula pembeni ya sila. Ikinyanyuka kirahisi, ikatoka kama ganda, endelea, hata kama kwa macho inaonekana nzima, maana chini yake imeshaachia. Ukifika mahali inagoma, inavutika kama raba na haitaki kuachia praima, hapo umefika kwenye iliyo hai, ongeza urefu wa vidole viwili hivi uwe na uhakika, kisha ishia, ukingo wake ukate kwa kuulaza usiuache umesimama wima, ili sila mpya ipande juu yake taratibu. Mara nyingi ufa ulioonekana wa sentimita 10 unafunguka unakuwa wa nusu mita. Hapo ndo fundi anapata jaribu la kusema ah tutapaka tu juu.

Naomba niseme kwa nini kupaka juu hakufai kwa sababu nataka mwelewe sio mtii tu. Kutu ni kubwa kuliko chuma kilichoizaa, inachukua nafasi mara kadhaa ya kile chuma. Kwa hiyo kwenye ungio kutu inavyoongezeka inatanua zile bati mbili, inazisukuma ziachane, na sila iliyo juu inapasuka tena kutokea chini. Pili ungio lina pande mbili, wewe umefunga upande wa ndani, upande wa nje au wa chini bado unapokea maji, ule unyevu na chumvi ulivyovifungia vinaendelea na kazi gizani. Ni sawa na kupaka rangi ukuta unaonyonya maji, rangi inashika wiki mbili halafu inavimba. Tofauti ni kwamba ukuta unauona ukivimba, ungio la gari unakuja kuliona siku jeki imetoboa sakafu.

Tuendelee. Bati limeonekana, lina kutu. Brashi ya waya, msasa namba 80 kisha 180, mpaka ling'ae, lakini usile bati mpaka liwe jepesi. Kwenye mwanya wenyewe ambako msasa hauingii piga hewa ya kompresa, fukuza maji na vumbi, acha likauke hasa, tumia hata hewa ya moto. Wanaotumia dawa ya kubadilisha kutu, ile nyingi ina asidi, msiiache ikakaa chini ya epoksi bila kufuata maelekezo ya kuisafisha, maana mabaki ya asidi yanaifanya praima isishike.

Na kama bati limetoboka, mafundi wenzangu, sila sio kiraka. Fibaglasi sio kiraka. Puti sio kiraka. Unakata sehemu mbovu unachomelea bati jipya, katikati ya bati zinazolaliana unapiga praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa, ndo baadaye sila. Sehemu ambapo mkanda wa siti umefungwa, sehemu ambapo shokapu imeshikilia, hizo hata mjadala hakuna. Kifodi kinabeba watoto wa shule asubuhi, wewe umeziba tundu la chini ya siti kwa puti ukapaka nyeusi, huo sio ujanja.

Baada ya hapo unafuta mafuta. Tumia dawa yenyewe ya kuondoa nta na grisi, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kisafi cha kufuta kabla haijakauka, ukiiacha ikauke yenyewe uchafu unarudi ulipokuwa. Petroli usitumie, inaacha mafuta na inawaka. Magari mengi ya huku yamepuliziwa oili chafu chini kwa kuzuia kutu, sasa sila haishiki juu ya oili, hapo utafuta mara mbili, mara tatu, mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Praima ya epoksi, ile ya kuchanganya na hadna, dawa yake ya kuigandisha, vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo na sio kwa kukadiria. Ipake kwenye bati lote lililo uchi na ipenye kwenye mwanya. Isubiri. Ukikawia kupita muda ulioandikwa, ipige msasa kidogo ndo uendelee. Najua kuna sila zimeandikwa zinashika kwenye bati tupu, zipo, lakini mimi bado naweka epoksi chini, maana siku sila itakapochoka epoksi itakuwa bado inalinda.

Sila sasa. Angalia tarehe kwenye tyubu kabla hujalipa dukani, iliyopitwa na muda inatoka na mabonge au haikauki vizuri, na ukishaitoboa itumie, unyevu ukiingia inaganda mulemule. Piga tepu ya karatasi pande zote mbili, sukuma sila iingie kwenye mwanya isije ikalala tu juu kama mjusi, kisha sawazisha kwa brashi au kidole chenye glavu. Angalia upande wa pili wa gari sila ya kiwandani imekaaje, ni bapa, ni ya mviringo, ina mistari ya brashi, na wewe ifanye hivo. Tepu inatolewa sila ikiwa bado mbichi. Na vitundu vya kutolea maji, chini ya milango na kwenye sakafu, usivizibe! Kwenye mlango bati la nje limekunjwa likakumbatia la ndani, sila inapita pale kwenye pindo, lakini vile vitundu vya chini ni vya maji yanayoingia kupitia kioo cha mlango yatoke. Ukiziba mlango unakuwa ndoo.

Kukauka. Poliurethani inakauka kutokea nje kwenda ndani, kwa kukadiria ni milimita 2 mpaka 4 kwa masaa 24, inategemea joto na unyevu. Hapa Arusha Juni na Julai asubuhi ni baridi, inachelewa, Moshi kuna joto zaidi inawahi. Kiangazi hewa ikiwa kavu sana nayo inachelewa maana inahitaji unyevu. Ila unyevu wa hewani, sio bati lililolowa, watu wanachanganya. Kwa hiyo ukipiga tuta nene la sila halafu jioni unampa mtu gari, juu imeganda ndani ni uji. Bora tabaka jembamba mara mbili. Rangi juu yake ipigwe kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Mwisho upande wa ndani wa ungio, kwenye yale maboksi ya chini ya milango, unapulizia nta ya kuzuia kutu iingie kutokea nyuma, wengi hawafanyi hii na ndo inayofanya kazi idumu.

Glavu vaa, barakoa vaa, fungua mlango wa gereji. Poliurethani mbichi ina kemikali zinazoamsha pumu, mwenye kifua kibaya mpe kazi nyingine siku hiyo.

Nilisema nitarudi kwenye silikoni. Ile ya bei rahisi inayonuka siki, harufu ile ya siki ni asidi inatoka wakati inakauka, na umeiweka juu ya bati ulilotoka kulisafisha. Ndani ya muda mfupi kutu imeanza chini yake. Halafu rangi haishiki juu ya silikoni, inajikunja inaacha vitundu vya duara, na mabaki yake yakienda kwenye vitambaa na mikono yako yanaharibu rangi ya gari la pembeni ambalo halikuhusika. Na ukitaka kuitoa baadaye ndo mateso yenyewe. Kama gari limekuja na silikoni kwenye maungio, mwambie mwenye gari kazi itakuwa kubwa zaidi, maana ile lazima itoke yote.

Kwa wenzangu mnaokata paa za Land Cruiser kuweka paa la kunyanyuka, mnaorefusha chesesi na bodi, hii ni kazi ambayo Arusha tunaifanya kwa wingi na tunaijua. Lakini kila mnapokata mmezalisha ungio jipya ambalo kiwanda hakikulipangia sila. Ungio hilo ni lenu. Na pale mnapofunga bati la aluminiamu juu ya sakafu ya chuma kwa rivati, metali mbili tofauti zikigusana na maji yakiwepo zinakulana, aluminiamu inaota unga mweupe na rivati zinalegea. Wekeni epoksi pande zote mbili na sila katikati, zisigusane, na rivati nazo zichovyeni kwenye sila kabla ya kupiga. Inaongeza nusu siku ya kazi, gari la safari linakaa miaka mingi barabarani, nusu siku sio kitu.

Bei. Tunagombana na wateja kwa sababu tunataja bei moja kabla ya kuona. Tajeni bei ya kufungua kwanza. Ukishafungua mpige picha mtumie WhatsApp, aone kutu, aone urefu, ndo utaje bei ya kufunga. Mteja akiona picha haoni kama unamwibia, na kama hana hela yote mnapanga kuanza na ungio lililo baya zaidi.

Kaka dereva pale aliniuliza kabla hatujaanza, anasema fundi mimi nina wageni kesho saa kumi na mbili asubuhi, gari linavuja kwenye paa, siwezi kukuachia siku tatu. Ni kweli kabisa, kazi ni kazi. Hapo nakausha, nafuta mafuta, naweka utepe wa butili, ile gundi nyeusi laini inayobandikwa kwa kidole, inazuia maji na inatoka baadaye bila kuharibu. Naandika kwenye risiti kwamba ni ya muda na tarehe ya kurudi. Akirudi tunafungua.

Nimeshaongea sana na jua linasogea. Nje kuna Noah, mwenyewe amekubali tuitumie, analalamika maji kwenye shimo la spea taili tangu masika. Sijaifungua bado na wala sijui yanaingilia wapi, tutalitafuta wote. Dogo wewe ingia ndani na tochi na chaki, mzee naomba utushikie mpira wa maji, na maji yawe ya taratibu, tunaanzia chini ya taa ya kushoto.